Mkate wa chachu katika joto la Dar es Salaam

Maelekezo mengi ya kuoka mkate wa chachu ya asili yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Yanasema acha donge liumuke saa 8, lisha chachu mara moja kwa siku, tafuta pembe yenye joto jikoni. Mtu wa Temeke au Likoni akiyafuata neno kwa neno mwezi wa Februari, saa hizo zikitimia atakuta bakuli limejaa rojo la ngano linalonuka siki. Unga ulikuwa mzuri na mikono yake haikukosea kitu. Joto la nyuzi 31 limemaliza kwa saa 4 kazi ambayo jikoni kwa mtu wa London, penye nyuzi 21, ingemalizika saa 8 au zaidi.

Nimewaona wengi wakikata tamaa hapo hapo, wakiamini mkate huu ni wa Ulaya na kwamba una ufundi wake wa siri. Naandika kwa ajili yao. Mkate wa chachu unakubali kabisa Pwani, kwa unga wa duka la mtaani, na hata bila oveni. Sharti ni moja: uache kuitegemea saa ya ukutani, ujifunze kuutazama unga wenyewe.

Kwanza tuujue. Mkate huu, ambao kwenye mitandao unafahamika zaidi kwa jina la sourdough, hautiwi hamira ya dukani. Huumuliwa kwa unga na maji vilivyoachwa vichachuke vyenyewe. Ndani yake wamo viumbe wa aina mbili wasioonekana kwa macho. Kuna hamira za mwitu, zinazokula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi inayoinua donge. Halafu kuna bakteria wa asidi ya laktiki, jamii ile ile inayogandisha mtindi, ambao ndio wanaoleta uchachu na harufu. Wote wamo tayari kwenye punje ya ngano, hasa kwenye ganda lake, na wengine hutoka kwenye mikono ya anayekanda.

Kuchachusha unga si jambo geni Afrika Mashariki. Anayekunywa togwa Songea, uji uliochachuka Kenya au obushera kule Ankole na Kigezi, na anayekula anjera ya Wasomali au injera ya Wahabeshi, anakula kazi ya bakteria wa jamii hiyo hiyo. Ngano inatofautiana na ulezi na mtama kwa jambo moja. Ina protini ambazo zikikutana na maji hufanya gluteni, utando unaovutika bila kukatika, nao ndio unaoishika hewa isitoroke. Ulezi huchachuka vizuri sana, ila hauwezi kuifungia hewa ndani, ndiyo maana hutupa uji na togwa badala ya mkate uliovimba.

Kwa maelfu ya miaka mikate yote iliyoumuliwa iliumuliwa hivi, au kwa povu lililochotwa kwenye mapipa ya bia. Louis Pasteur alipochapisha utafiti wake wa mwaka 1857 juu ya uchachukaji wa asidi ya laktiki, ndipo wanasayansi wengi walipoanza kukubali kwamba kazi ile inafanywa na viumbe hai. Mwaka 1868 Charles Fleischmann na ndugu yake walianza kutengeneza hamira ya kugandamizwa mjini Cincinnati, Marekani, na mwaka 1876 wakaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia. Tangu hapo haraka ilishinda. Mwaka 1961 watafiti wa Chorleywood, Uingereza, walibuni mashine na mchanganyo unaotoa mkate kutoka unga hadi boflo lililoiva kwa muda wa saa 3 na nusu hivi. Boflo laini tunalonunua asubuhi ni mtoto wa haraka hiyo. Silichukii, lakini ladha ya mkate hutengenezwa na muda, na muda ndio uliopunguzwa.

Sehemu moja iliyogoma kuiacha chachu ni San Francisco. Kampuni ya Boudin, iliyoanzishwa huko mwaka 1849, inasema bado inatumia chachu ile ile, iliyookolewa kwenye ndoo wakati wa tetemeko la ardhi la mwaka 1906. Mwaka 1971 watafiti Leo Kline na T. F. Sugihara walimtambua bakteria mkuu wa mkate wa mji huo, naye akapewa jina la mji. Watu wakaanza kuamini kwamba bakteria huyo anapatikana San Francisco peke yake, na mpaka leo wapo wanaoagiza chachu ng'ambo kwa fedha nyingi. Baadaye akaonekana kwenye chachu za nchi nyingine nyingi. Na mwaka 2021 ukachapishwa utafiti uliochunguza chachu 500 kutoka mabara 4, ukaonyesha kwamba mahali chachu inapoishi hapaelezi sana viumbe waliomo ndani yake. Kwa hiyo chachu yako ya Tandika haipungukiwi na kitu.

Ianzishe kwa unga wa atta, ule wa ngano nzima, kwa sababu umesagwa na ganda lake na ndiko wanakokaa wageni tunaowataka. Changanya gramu 50 za atta na gramu 50 za maji kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funika bila kukaza. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha, au tumia ya kuchemsha yaliyopoa. Nunua mizani ya jikoni kabla ya kifaa kingine chochote. Vikombe hudanganya, kwa kuwa kikombe cha unga ulioshindiliwa kina uzito tofauti na cha unga uliochekechwa.

Kila siku toa sehemu kubwa ya mchanganyiko, bakiza gramu 20, uilishe gramu 50 za unga na 50 za maji. Siku ya pili, wakati mwingine mapema zaidi, utaona umefura mpaka karibu na mdomo wa chupa, na harufu yake ni mbaya, ya kitu kinachooza. Wengi hushangilia na kukanda mkate siku hiyo hiyo. Wasikande. Wanaotoa hewa wakati huo ni bakteria wengine waliowahi kabla ya uchachu kuongezeka. Siku ya tatu au ya nne mambo hutulia kabisa, mchanganyiko hulala, haupandi. Hapo wengi hudhani umekufa na kuutupa, kumbe ndipo asidi inapowaondoa wale wa mwanzo na kuwaachia nafasi hamira za mwitu. Endelea kulisha tu. Katika joto letu, kati ya siku ya tano na ya nane huamka tena, safari hii kwa utaratibu.

Ukifikia hapo, inamia chupa uitazame kwa karibu. Funga mpira mwembamba wa kufungia noti pale ulipo usawa wa unga baada ya kulisha, ili uone umepanda kiasi gani. Karibu na kitako vipovu ni vidogo vidogo na vimesongamana, kadiri unavyopandisha macho vinakuwa vikubwa, vingine vimegandamana na kioo na kubabataa. Juu katikati pamevimba. Ukiinamisha chupa, mchanganyiko husogea wote kwa pamoja, kwa uzito. Chota kwa kijiko: unasikia vipovu vikipasuka, na chini ya uso unaona nyuzi zinazovutika kabla ya kukatika. Harufu ni ya mtindi na ndizi iliyoiva sana. Hicho ndicho kilele, na chachu hutiwa kwenye donge ikiwa kileleni. Ikipita, uso hubonyea katikati na utando hubaki ukining'inia kwenye kioo juu ya usawa wake. Ikipanda mara mbili kila inapolishwa, siku tatu mfululizo, iko tayari kwa mkate.

Ukiona maji ya kijivu yamesimama juu, chachu ina njaa. Yamwage, ilishe. Lakini rangi ya waridi au ya chungwa, au ukungu wenye manyoya, ni hatari. Tupa yote, osha chupa kwa maji ya moto, anza upya. Usijaribu kukwangua juu.

Kulisha ndiko kunakowashinda watu wa Pwani. Vitabu husema sehemu 1 ya chachu, 1 ya unga na 1 ya maji. Kwa nyuzi 30 mlo huo unakwisha ndani ya saa 4, na chachu inayoshinda na njaa huzidi kuwa kali na kudhoofika. Ipe chakula kingi: sehemu 1 ya chachu kwa 5 za unga na 5 za maji. Ikishakomaa iweke kwenye friji na uilishe mara moja kwa wiki. Haihitaji kuwa nyingi, gramu 40 zinatosha nyumba nzima. Ile inayotolewa baada ya chachu kukomaa isitupwe. Itie kwenye chapati za maji pamoja na yai na kitunguu, utaipenda. Ile ya siku za mwanzo, yenye harufu mbaya, itupe.

Sasa unga wa mkate. Geuza pakiti, tafuta protini. Ukiona gramu 11 au zaidi kwa kila gramu 100, chukua. Chini ya 10 donge litatambaa. Unga uliokwisha kutiwa poda ya kuumulia keki haufai kabisa. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania na Kenya huagizwa kutoka nje, kwa hiyo pakiti ya mwezi huu si lazima inywe maji sawa na ya mwezi uliopita. Anza na maji machache. Picha za mikate yenye matundu makubwa zinatokana na unga wenye nguvu uliotiwa maji mengi, na anayeanza akifuata picha hizo atapata chapati nene.

Kwa mkate mmoja pima gramu 400 za unga mweupe, gramu 100 za atta, gramu 325 za maji, gramu 75 za chachu iliyo kileleni na gramu 10 za chumvi. Chumvi usiipunguze. Mbali na ladha, inakaza gluteni na kuzuia uchachukaji usikimbie, na katika joto letu ni msaada mkubwa.

Mimi hupendekeza Jumamosi jioni. Lisha chachu saa 7 mchana, safari hii sehemu 1 kwa 2 kwa 2, ili saa 11 jioni iwe kileleni. Saa 10 changanya unga na maji peke yake, maji ya friji yenye ubaridi hasa, uufunike. Katika saa hiyo moja gluteni hujijenga yenyewe bila mtu kukanda. Saa 11 tia chachu na chumvi, finyanga mpaka vimeze. Donge litanata, usiongeze unga.

Halafu kila baada ya nusu saa, mara nne, lowesha mkono, uingize chini ya donge, vuta upande mmoja juu mpaka uone utando unakaribia kuchanika, uukunjie juu. Zungusha bakuli robo, rudia mpaka umalize pande zote. Mara ya kwanza donge ni kitu cha hovyo, limekaa chini bakulini. Mara ya tatu linakuja mkononi lote kwa mkupuo, limelainika, na likirudishwa bakulini linakaa limejikusanya kwa muda kabla ya kulegea. Watoto wape zamu hapa, wanaipenda sana kazi hii na hawawezi kuiharibu.

Baada ya hapo unaliacha liumuke, na hapa ndipo mkate unapopatikana au kupotea. Chukua kipande kidogo cha donge, kishindilie kwenye glasi nyembamba iliyonyooka, weka alama, uiweke kando ya bakuli. Katika glasi utasoma kwa hakika kile ambacho bakuli lenye tumbo pana linakuficha. Kikipanda kwa nusu ya kimo chake, basi. Wapo wanaosubiri mpaka liwe mara mbili kwa sababu vitabu vya baridi vimesema hivyo. Katika nyumba yenye nyuzi 30 hilo ni kosa, maana donge likiingia kwenye friji huchukua saa kadhaa kupoa katikati, na muda wote huo linaendelea kuumuka. Angalia na dalili nyingine: kingo zimejikunja pale donge linapogusa bakuli, vipovu vinaonekana chini ya ngozi, na ukitikisa bakuli linacheza. Usiku wa kaskazi utafika hapo baada ya saa 3 hadi 4 tangu kutia chachu.

Tandaza donge, likunje kama bahasha, liviringe, kisha livute mezani kwa viganja ili ngozi ya juu ikaze. Litie, mshono ukiwa juu, kwenye bakuli au kikapu kidogo cha ukindu kilichotandikwa kitambaa na kunyunyiziwa unga wa mchele. Mchele hauna gluteni, kwa hiyo haushikamani na donge wala na kitambaa, nao uko katika kila nyumba ya Pwani. Funika, ingiza kwenye friji mpaka asubuhi. Umeme ukikatika usiku usifungue mlango wa friji. Donge lililokwisha kupoa litavumilia saa mbili tatu, na umeme ukichelewa zaidi ya hapo, oka tu kwa mkaa.

Asubuhi, mwenye oveni aipashe moto hadi nyuzi 240 na ndani yake iwemo sufuria nzito yenye mfuniko, isiyo na mpini wa plastiki. Pindulia donge kwenye karatasi ya kuokea, lichanje kwa wembe mpya, mchano mmoja mrefu wenye kina cha nusu sentimita. Mkate hupasuka popote ukiiva, na mchano unauambia upasukie hapo. Litie kwenye sufuria, funika. Mfuniko unazuia mvuke wa donge lenyewe, na mvuke huo unaifanya ngozi ibaki laini hadi mkate utakapomaliza kupanda. Baada ya dakika 25 funua, acha dakika 20 nyingine mpaka rangi iwe ya kahawia iliyokolea. Oveni ya kilowati 2 haiwezi kula zaidi ya uniti 3 za LUKU kwa kazi yote hiyo. Ukiwa na madonge mawili, la pili liingie mara la kwanza linapotoka, maana moto umeshalipiwa.

Kwa mkaa, fanya kile ambacho waokaji wa mkate wa kumimina wamekifanya miaka yote: palia moto juu na chini. Tandika mchanga mkavu safi, kina cha vidole viwili, kwenye sufuria kubwa nene, ifunike na uipashe moto nusu saa. Donge likiwa kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, liweke juu ya mchanga, funika kwa sinia la chuma, na makaa mengi yawe juu ya sinia kuliko chini. Tumia nusu ya donge, kwa sababu mkate mdogo huiva katikati kabla kitako hakijaungua. Utachukua dakika 45 hivi. Fanya uwanjani au barazani, kamwe usifanye kwenye chumba kilichofungwa, kwani moshi usioonekana wa mkaa unaua. Ganda lake halitakuwa na mng'aro wa oveni. Harufu, kwa maoni yangu, inaizidi.

Ugonge kitako. Ukilia wazi, umeiva. Kisha uuache saa 2 kabla ya kukata, hata kama nyumba nzima imekusanyika. Wanga wa ndani bado unaganda, na kisu kikiingia mapema hutoka kimepakwa ulimbo. Asali, siagi, maharage ya nazi au mchuzi wa samaki, vyote vinaupenda mkate huu, na siku ya tatu ukiuchoma kidogo unakuwa mtamu kuliko siku ya kwanza.

Juu ya afya nitasema machache. Uchachukaji mrefu hupunguza faiteti, zinazozuia mwili usipate chuma na zinki kutoka kwenye nafaka. Hilo ni jema. Lakini bado ni ngano na wanga: mwenye kisukari auhesabu kama anavyohesabu mkate mwingine, na asiyevumilia gluteni kwa ugonjwa wa siliaki asiuguse.

Ukishaukata, usome. Ukikuta ndani kumeshikamana, kuna ulimbo, na pango moja kubwa chini ya ganda, donge liliharakishwa. Liongezee nusu saa mara ijayo. Ukiwa bapa, umepauka na mkali ulimini, lilichelewa, sukari yote imeliwa. Lipunguzie muda, au punguza chachu hadi gramu 50. Na kipupwe kikiingia mwezi wa Juni, ongeza chachu hadi gramu 100, maji yawe ya kawaida badala ya ya friji, na ulipe donge saa moja au mbili zaidi. Wa Njombe na Makete, ambako usiku wa Julai ni wa kujifunika blanketi mbili, watumie maji ya vuguvugu tangu mwanzo. Kwao saa 8 za vitabu vya Ulaya zinaweza hata kuwa chache.